Mnara wa Hatteras Ulivyohama

Mwaka 1990 Posta ya Marekani ilitoa stempu tano za minara ya taa, senti 25 kila moja, kwa michoro ya Howard Koslow. Mmoja ulikuwa wa Cape Hatteras, North Carolina, ule wenye mistari myeusi na myeupe inayouzunguka toka chini hadi juu. Mimi niliipata stempu yake kwenye bahasha ya mjomba, aliyekuwa akiishi Norfolk na kutuandikia Mombasa. Niliilowesha stempu ile bakulini mpaka gundi ikaachia, nikaianika juu ya gazeti, nikaitia kwenye albamu. Utotoni niliamini mnara wa matofali hauwezi kutoka mahali pake.

Mjomba ndiye aliyenieleza kwa nini ulijengwa. Nje ya rasi ile mkondo wa Gulf Stream, wenye maji ya joto, hukutana na maji baridi yashukayo kutoka kaskazini, na mafungu ya mchanga ya Diamond Shoals huhamahama chini ya maji. Meli zilizoangamia hapo ni nyingi mno, hata mabaharia wakapaita makaburi ya Atlantiki. Mnara ukakamilika mwaka 1870, wenye urefu wa zaidi ya mita 60.

Ulipowashwa, bahari ilikuwa mbali, kama mita 450. Lakini ufuo ulilika mwaka baada ya mwaka. Katika miaka ya 1930 hofu ilizidi, taa ikapelekwa kwenye mnara wa chuma msituni, na haikurudi hadi 1950. Vizuizi vikajengwa, mchanga ukamwagwa, na bahari haikuacha kusogea.

Hapo ndipo ubishi ulipopamba moto: kujenga ukuta, au kuuhamisha mnara? Wenyeji wengi waliogopa kwamba ungevunjika njiani, nami siwalaumu. Mnara huo ni wa babu zao. Mwaka 1999 mafundi waliukata kwenye msingi, wakauinua kwa jeki, wakausukuma juu ya reli za chuma zilizopakwa sabuni, mita moja na nusu kwa kila msukumo. Tani 4,800 na zaidi! Mita 884 zilichukua siku 23, na Julai 9 ukafika salama.

Nilipokwenda kuuona, mjomba alikuwa ameshafariki. Nilianzia pale uliposimama zamani, nikaifuata njia uliyopitishwa. Kwenye kitako niliweka kiganja juu ya itale, nikayakagua matofali nikitafuta ufa wa safari ile. Sikuuona. Naamini waliochagua kuuhamisha walichagua sawasawa, kwa sababu ukuta ungeuacha mnara peke yake katikati ya maji.

Ushahidi uko jimbo jirani. Mwaka 2003 Posta hiyo hiyo ilitoa stempu nyingine tano za minara, mmojawapo ukiwa wa Morris Island, South Carolina, uliojengwa miaka ya 1870 juu ya kisiwa chenye nafasi tele. Baadaye magati marefu ya mawe ya kulinda mlango wa bandari ya Charleston yaligeuza mwendo wa mchanga, kisiwa kikamomonyoka. Taa yake ilizimwa mwaka 1962. Leo mnara huo uko ndani ya bahari, umeinama upande, na wanaoupenda wanachangishana fedha kuimarisha msingi wake.