Homa isiyo malaria: mbu wa mchana na ngozi yetu

Mama aliyekimbia vita anafikisha mtoto kituo cha afya hapa Lubumbashi. Mtoto anachemka, viungo vinamuuma. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Mama anarudi nyumbani na hasira, akidhani wamemdharau kwa kuwa ni mgeni mjini.

Huenda muuguzi alisema kweli. Kuna mbu mweusi mwenye madoa meupe, Aedes, anayeuma mchana, wakati chandarua kimekunjwa. Anabeba chikungunya, dengue, zika na homa ya manjano. Chikungunya ni jina la Kimakonde, kutoka kusini mwa Tanzania ambako ilijulikana 1952: ugonjwa unaomkunja mtu. Mwaka 2019 ililipuka Kinshasa na Kongo-Kati.

Mambo huanzia kwenye ngozi. Mbu anatema mate, virusi vinaingia. Ndani ya seli za ngozi mna walinzi wanaotambua RNA ya virusi. Wakiigundua, seli hutoa interferoni, kama mtu anayepiga filimbi usiku ili majirani wafunge milango. Lakini virusi ni wajanja. Hujizalisha ndani ya vifuko vidogo ambamo walinzi hawaoni vizuri. Dengue huthubutu zaidi: huingia katika seli za ulinzi zenyewe, zikaibeba hadi kwenye tezi.

Basi mama arudi kituoni, aulize tena, wala asimpe mtoto aspirini, maana kwa dengue inaweza kuleta kutokwa damu. Na bidoni za maji zifunikwe, zisuguliwe ndani kila wiki. Kumwaga maji tu hakutoshi. Mayai ya mbu huyu hunata ukutani.