Hesabu Hazijaisha, Wasee

Kila nikiposti kitu cha hesabu, swali huwa ni lilelile. Binamu yangu wa Form Three huku Wusi ameniuliza, na hata wazee wanauliza: hao watu wanaoenda kusikiliza mihadhara ya hesabu za kisasa, wanatafuta nini tena? Si hesabu zilishaisha?

Swali si la kijinga. Shuleni tunapewa maswali ambayo majibu yake yako tayari nyuma ya kitabu. Ukikaa hivyo miaka 12, utaamini kila kitu kilishajibiwa na wazungu waliokufa kitambo.

Sasa cheki. Nenda soko la Wundanyi ama Voi uangalie mama mboga anavyopanga nyanya. Ya juu inakaa kwenye kishimo kati ya zile za chini, mpaka rundo linachongoka. Mwaka 1611 Johannes Kepler alisema hakuna njia ya kupanga mipira ya saizi moja ikabana kuliko hiyo. Mama mboga angemwambia, "Na wewe umejua leo?" Lakini kuthibitisha ilikuwa noma. Ilifika 1998 ndipo Thomas Hales akaleta uthibitisho, tena kwa msaada wa kompyuta. Waliopewa kuukagua wakasema wana uhakika wa asilimia 99 tu. Ikabidi Hales na wenzake waanze upya, kompyuta ikikagua kila hatua, wakamaliza 2014.

Na haijaisha. Mwaka 2016 Maryna Viazovska wa Ukraine alithibitisha mpangilio bora katika dimensheni 8, na 2022 akapewa Fields Medal. Dimensheni 4 je? Bado iko wazi. Na usidhani ni mchezo: hesabu hizi ni ndugu wa zile zinazosahihisha makosa data ikisafiri hewani.

Hivyo ndivyo vitu mtafiti chipukizi anavyoenda kusikiliza. Na kuna watu Afrika wanaojua kuandaa mihadhara hiyo. AIMS ilianza 2003 Muizenberg, karibu na Cape Town. Mwanzilishi wake, Neil Turok, aliwahi kuishi Tanzania akiwa mtoto, wazazi wake wakiwa wamekimbia ubaguzi wa rangi. Siku hizi kituo cha karibu nasi kiko Kigali. Mhadhiri anatoka kwake, anafundisha kozi ya wiki 3 hivi, na wanafunzi wanaishi hapohapo. Mnakula pamoja. Ukikwama saa nne usiku, kuna mtu wa kuuliza.

Linganisha na wageni tuliozoea. Kabla karo inishinde nikaacha chuo, nilihudhuria mihadhara kadhaa ya wageni. Mgeni anachelewa saa mbili, anaongea dakika 40, nusu yake ni historia ya maisha yake, kisha picha, soda, kwaheri. Maswali mawili tu, na moja linaulizwa na mhadhiri mwenyeji. Huyo ni mgeni rasmi, wasee. Mwalimu ni yule anayebaki mpaka uone aibu imeisha ndio uulize.

Lakini hata mihadhara mizuri ina mlango mwembamba. AIMS wanataka digrii kwanza, na naelewa, kwa sababu ni masomo ya masters. Shida yangu ni mtoto wa Form Three asiyejua kama huo mlango upo. Mwaka 2025 Kenya nzima ilibishana kama hesabu iwe ya hiari sekondari ya juu, mpaka serikali ikasema kila mtu atasoma, ila kwa viwango viwili. Kwenye kelele zote hizo, ni wangapi walimwambia mtoto kwamba kuna maswali yanamsubiri yeye? Tulimwambia tu kuhusu gredi na kazi.

Ombi langu ni dogo. Yeyote anayeandaa mihadhara ya wageni, iwe Nairobi, Kigali ama Mombasa, atenge siku moja ya watu wa nje. Kwa Kiswahili, bila slaidi 80, na nyanya mezani. Sisi Taita tuna chuo kikuu chetu, kuna Mariwenyi na kuna Ngerenyi huku juu milimani, kwa hivyo sehemu ya kukaa si shida. Watoto wa Wusi wanaweza kufika kwa matatu moja ama mbili na kurudi kabla ya giza.

Na wewe unayesomea hesabu chuoni, usingoje mgeni kutoka Ufaransa. Likizo ijayo pitia shule yako ya zamani, omba mwalimu saa moja. Usiwaambie wasome kwa bidii, hiyo wameisikia. Waonyeshe swali moja ambalo hakuna mtu duniani amelijibu, kisha unyamaze uwaache walijaribu.