Kazi Ni Yake, Jina Ni Langu

Wasee, wacha niseme ukweli. Nina akaunti ya kazi za mtandaoni yenye nyota tano, na hizo nyota si zangu.

Mimi niko Lodwar. Mwenye kuzitafuta yuko Kakuma, kilomita kama 120 kutoka hapa. Alitoka Kongo akiwa mtoto. Kila usiku anachora visanduku kwenye picha za barabara ili magari ya Marekani yajifunze kujiendesha. Kampuni haijali unaishi wapi, bora kitambulisho. Mimi nina cha Kenya. Yeye ana cha mkimbizi, na tovuti yao inakikataa.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu kufanya kazi, lakini mpaka apate kibali. Hata kutoka kambini ni kwa ruhusa.

Basi pesa inaingia kwangu, nakata kidogo, namtumia. Nilikuwa naita hiyo kusaidiana. Juzi akaniuliza, "Ndugu, nikiomba kazi kubwa, nitaonyesha nini?"

Nilikosa jibu. Miaka miwili ya jasho lake imeandikwa jina langu.

Nimeacha kukata. Lakini zile nyota, hizo siwezi kumtumia kwa M-Pesa.