Nguo Inapoinua Mkono

Nilianza na sare za shule. Barazani kwa shangazi yangu, Ngamiani, Tanga, kila ifikapo Desemba kazi ilikuwa moja tu mpaka shule zifunguliwe Januari: mashati meupe, kaptula za bluu, sketi za bluu za marinda. Shangazi alikuwa na cherehani ya miguu, Singer nyeusi ambayo maua yake ya dhahabu yalikuwa yamefutika pale mkono unapopita kila siku. Hakunikabidhi kitambaa. Alichana mfuko wa saruji, akachukua karatasi ya ndani iliyo safi, akachora mistari kwa kalamu, kisha akauchomoa uzi kwenye sindano na kuniambia nishone hivyo hivyo, bila uzi. Kwanza mistari iliyonyooka, halafu kona, halafu duara. Karatasi haifichi kitu. Kila mahali mguu ulipoharakisha au kusita, matundu yalionekana, mengine yamesongana, mengine yameachana.

Sare ni shule nzuri kwa anayeanza, na nasema hivi nikijua kuna mafundi wanaoidharau. Sketi ya marinda yanayogusana hula kitambaa mara tatu ya kiuno: mtoto wa kiuno cha inchi 24 anahitaji inchi 72 kabla hujahesabu mishono. Rinda moja likipungua robo inchi, ukirudia kosa hilo kiuno kizima, sketi haimwingii mwenyewe. Huko ndiko nilikojifunza kupima kila rinda kabla ya kulishona, kupiga pasi kila mshono kabla ya kushona unaoufuata, na kuacha pindo pana maana mtoto anarefuka na mzazi hana hela ya sketi nyingine. Zipu, mkanda wa kiuno, kola ya shati, tundu la kifungo kwa mkono: vyote nilivipata pale. Majirani wakaanza kuniita fundi.

Lakini nilikuwa naunganisha tu vipande alivyokata mtu mwingine. Mkasi wa kukatia, shangazi hakumpa mtu.

Mtu aliyenifungulia mlango wa pili alikuwa mzee wa kanzu, mtaa wa tatu kutoka kwetu. Nilitumwa kwake kuomba uzi mweupe wa kudarizia nikamkuta amekunja miguu juu ya mkeka, anatia nakshi shingoni mwa kanzu kwa uzi wa hariri. Nikamwamkia, nikakaa kutazama. Baada ya hapo nikawa narudi kila nilipopata nafasi.

Kanzu ukiitandaza chini inaonekana nguo rahisi kuliko zote. Badani ni kipande kirefu, mbele na nyuma. Taharizi zinaingia ubavuni, nyembamba juu na pana chini, ili mtu apige hatua. Shingoni kuna kaba, mikononi sijafu. Karibu kila kipande kimekatwa kwa mistari iliyonyooka, na kitambaa hakipotei. Halafu kuna kikwapa, kipande cha mraba kisichozidi upana wa kiganja, kinachoshonwa kwapani kimekaa upande wa kona. Nilimuuliza mzee kazi yake, maana kukishona kunasumbua: kona nne, na kila kona lazima ikutane na mshono mwingine bila kukunjamana.

"Hebu inua mkono, binti," akaniambia.

Nikainua. Blauzi niliyokuwa nimevaa, niliyoishona mwenyewe, ikapanda yote mpaka kiuno kikaonekana. Akanyanyuka, akainua wake. Kanzu haikusogea. Kile kipande kidogo kilifunguka kwapani, mkono ukaenda juu peke yake, na pindo likabaki palepale juu ya vifundo vya miguu.

Tangu hapo sikuitazama tena nguo kwa namna ya zamani. Nilikuwa nikiuliza nguo inaonekanaje mtu akisimama. Sasa nikawa nauliza inahitaji nafasi wapi mtu akiinama, akikaa, akimnyanyua mtoto, na nafasi hiyo itafichwa vipi ili isionekane pale anapotulia. Naamini anayeanza na fundi aliyekomaa wanaachana kwenye swali hilo. Dati ya kifuani, mkunjo unaoshonwa ukaishia kwa ncha, ni jibu lake. Taharizi ni jibu lake. Hata robo inchi ninayoongeza kwenye kila kipande cha kiuno, ili mtu ashibe na bado apumue, ni jibu hilo hilo.

Jibu kubwa zaidi nililipata ndani ya mitumba. Biashara ya bidhaa za nje ilipofunguliwa nchini kuanzia 1984, baada ya miaka ya kutafuta kitambaa kwa shida, nguo za Ulaya na Marekani zilirudi mitaani kwa marobota. Mafundi wengi walilalamika, na walikuwa na haki, kwani gauni la mtumba lilikuwa rahisi kuliko ujira wa kushona jipya. Mimi nilinunua koti la kiume la sufu lililotoboka viwiko, nikalifumua mshono kwa mshono na kupanga vipande vyake juu ya kitanda.

Humo ndani kulikuwa na darasa zima. Kati ya sufu na bitana kilikaa kitambaa kigumu chenye nyuzi za singa za farasi, kimeshikizwa kwa mishono midogo ya mkono iliyolala mshazari, hakuna hata mmoja uliotokeza nje. Mishono hiyo ndiyo iliyoufanya mkunjo wa kifuani ugeuke wenyewe bila kulazimishwa na pasi. Ndani ya bega kulikuwa na utepe wa pamba uliobeba kichwa cha mkono kisibonyee. Na bitana ya mgongoni ilikuwa na rinda katikati, kuanzia shingoni kushuka chini. Mvaaji akinyoosha mikono mbele, rinda lile linafunguka na bitana haichaniki. Huko Ulaya alikuwako fundi aliyeuliza swali lilelile la mzee wa kanzu.

Kutoka kwenye koti lile nilijifunza pia jambo ambalo wanafunzi wangu hawaliamini mpaka waone. Ukitaka mkono uwe huru, usilikate kwapa kwenda chini. Kwapa likishuka, mkono unashikana na ubavu, na mtu kila anapoinua mkono anainua gauni zima. Kwapa likae juu, karibu na mwili, na nafasi iwekwe kwenye mkono wenyewe.

Kwa hiyo kazi ngumu ikawa kuingiza mkono wa nguo. Kichwa cha mkono wa koti la sufu hukatwa kirefu kuliko tundu la bega, kiasi cha inchi moja au moja na nusu, na ziada hiyo iingie yote bila kunyanzi hata moja. Napitisha mistari miwili ya mishono mirefu, navuta nyuzi taratibu, nagawa ziada mbele na nyuma, halafu naweka kitambaa chenye unyevu na kukipigia pasi juu ya mto mdogo. Sufu inasinyaa, ziada inapotea. Kitenge hakikubali mambo hayo. Pamba yake imefumwa kwa kubana na mvuke hauisinyazi, kwa hiyo kichwa cha mkono wa kitenge nakipunguza mpaka ziada ibaki kama nusu inchi. Fundi anayetumia kipimo kimoja kwa vitambaa vyote atapata mabega yenye mikunjo na kumlaumu mteja kwa mwili wake.

Kisha napiga bandi, mishono ya muda, sishoni. Mteja anavaa, anasimama amelegeza mikono, nami natazama nyuzi za mtande kwenye mkono: zishuke wima kutoka begani mpaka kiwiko. Zikielekea nyuma, nafumua bandi na kukizungusha kichwa cha mkono kidogo. Watu wanaoshinda wameinama mezani karibu wote mabega yao yamekuja mbele.

Kazi ninayoipenda kuliko zote niliifanyia mwalimu mstaafu mwenye kibiongo. Nguo zake zote zilipanda nyuma na kuning'inia mbele, na kola ilisimama mbali na shingo. Alikuwa na tabia ya kuvuta nguo chini kwa mkono wa kushoto kila alipoinuka kitini. Nilipima kutoka mfupa wa shingo mpaka kiuno, nyuma na mbele kila upande peke yake, nikashona kwanza gauni la majaribio kwa kitambaa cha marekani cha bei nafuu. Marekani ile niliipasua mgongoni, usawa wa mabega, ikaachia yenyewe mpaka ilipotosheka. Kwenye ule mwanya nikaona urefu aliokuwa akinyimwa miaka yote. Nikauhamishia kwenye kipande cha nyuma, nikaongeza dati mbili ndogo kutoka shingoni, mbele nikapunguza.

Siku ya kuchukua gauni alikaa kitini, akaongea na mimi habari za wajukuu, akainuka, akatembea mpaka mlangoni. Mkono wa kushoto ulikuwa na mkoba.

"Fundi," akasema, "leo sijaivuta."

Wanaojifunza kwangu sasa wanakuja na simu zenye picha za mishono ya Lagos na Accra, na wengi wana mikono myepesi kuliko niliyokuwa nayo. Nawaanzisha kwenye karatasi bila uzi, nawapitisha kwenye marinda, halafu kila mmoja anashona kikwapa mpaka kona zake nne zitulie. Gauni la kubana wanaligusa baada ya hapo. Na nimebadili jinsi ya kutaja bei. Naitaja pamoja na siku ya kurudi kupimwa nguo ikiwa ya bandi, na mteja namweleza wazi kwamba muda huo ni sehemu ya ujira. Asiyekuwa na muda wa kurudi namshauri achukue dera, nguo huru isiyohitaji kumfuata mtu mwilini, na dera zuri namshonea siku hiyo hiyo.