Sili ya Gurudumu la Nyuma

Gari la marehemu baba yetu, Datsun 1200 ya mwaka 1972, lilitutia hofu siku tulipokuwa tukiteremkia pantoni pale Likoni. Breki zilipokanyagwa, likapinda kulia kuwaelekea watembea kwa miguu. Alhamdulillahi, lilisimama kabla ya kumgusa mtu. Mama, aliyeketi nyuma, hakutamka neno mpaka tukafika ng'ambo.

Nyumbani tulivua gurudumu la kushoto. Mafuta mazito ya difu yalikuwa yamepita kwenye sili na kulowesha breki shuu. Upande ule haukushika. Kazi tulidhani twaijua: tukafungua nati nne, tukachomoa shafti, tukang'oa sili iliyokakamaa, tukatia mpya. Breki shuu tulizisugua kwa petroli tukazirudisha. Hilo twaliungama kwa haya, maana breki shuu iliyokwisha kunywa mafuta haisafishiki, na bei ya mpya haikutushinda. Tulikuwa na haraka tu.

Baada ya wiki tatu mafuta yalirudi. Kaka mkubwa akasema gari liuzwe. Mdogo wetu akanuna. Mama akauliza, "Mtamuuzia nani gari lisiloshika breki?" Tukanyamaza.

Ndipo tukamwita fundi mmoja mzee, wa rika la baba. Gurudumu hakulitazama. Alilala chini ya gari, akapapasa juu ya ekseli, akakipata kitundu cha kupumulia kimezibwa na tope kavu. Akakizibua kwa waya. Difu ikifanya kazi hupata moto, alitueleza, na hewa iliyomo hutanuka. Ikikosa njia ya kutokea juu, husukuma mafuta kwenye sili, iwe mpya au kuukuu. Kisha akapitisha ukucha juu ya shafti, pale mdomo wa sili unapokaa, kutafuta mkwaruzo. Haukuwapo. Sili aliipaka mafuta mdomoni, akaiingiza kwa kipande cha bomba kilichoienea, akigonga taratibu. Sisi tuliipiga nyundo upande mmoja. Breki shuu za magurudumu yote mawili ya nyuma akaamuru zitupwe.

Sasa ni mwezi wa tano. Kila Ijumaa, kabla ya kuondoka, mdogo wetu hupiga goti na kupitisha kidole nyuma ya gurudumu la kushoto. Hutoka na vumbi tu. Kaka mkubwa angali asema liuzwe, ila kila mnunuzi ajapo, bei huipandisha.