Edung, chakula kitakacho subira

Ukitoka Kitale kwenda Lodwar, mwendo wa kilomita 300 hivi, miti huzidi kupungua. Ukishaipita Kainuk, huoni ila mchanga, mawe na miiba. Mgeni atasema hapa hakuna cha kutia mdomoni. Hata mimi nilidhani hivyo, hadi nilipofika kwa bibi mmoja nje ya Lodwar mwaka 2022.

"Ejoka!" nilimwamkua.

"Ejoka noi!" aliitikia, akanipa kigoda.

Mekoni palikuwa na sufuria ya mbegu za edung, kichaka kisichopukutisha majani hata wakati wa kiangazi. Niliponyosha mkono nionje, mjukuu wake, mwanafunzi wa darasa la sita, alinizuia upesi.

"Bado ni chungu, mjomba. Utaumwa na tumbo!"

Kumbe edung haipikwi kama maharagwe. Mbegu huchemshwa, maji yakamwagwa, yakatiwa mengine, zikachemshwa tena. Hufanywa hivyo mara kadhaa mpaka uchungu uishe. Ni kazi ya kutwa, na kuni si haba.

Hapo ndipo penye mtihani. Mvua zilikuwa zimekosekana msimu baada ya msimu tangu mwisho wa 2020, na maji hayo binti yake alikuwa ameyafuata kwa miguu tangu alfajiri. Nilimwona bibi akiutazama mtungi, kisha sufuria. Kumwaga maji katika ukame ni uchungu. Kutoyamwaga ni kuwalisha wajukuu sumu.

Akayamwaga.

"Njaa itangoja," alisema, mjukuu akinifasiria. "Tumbo likiharibika halingoji."

Tulipokuwa tukisubiri, watoto walinipa eng'ol, tunda la mkoma, ambao huota kwa wingi kando ya mto Turkwel. Kokwa lake ni gumu kama jiwe, lakini nyama yake ya nje hutafunwa na ina utamu wa kukaribia sukari guru. Majani ya mti huohuo akina mama husukia vikapu vya kuuza.

Jioni edung ikaiva. Ilikuwa laini, ladha yake kama kunde zisizo na chumvi, uchungu ukisikika kwa mbali. Nilihesabu vichwa vya watoto, nikala kijiko kimoja, nikasema nimeshiba.

Msomaji mpendwa, ukijaliwa kuzuru huko wakati wa ukame, usijisumbue kumbebea mwenyeji wako mkate. Mbebee maji.