Mwani ni Chakula, si Dawa ya Kila Ugonjwa

Huenda mwani umo nyumbani mwako tayari, nawe hujui. Soma yale maandishi madogo kwenye kopo la aiskrimu, paketi ya maziwa ya chokoleti au nyama ya kopo. Mara nyingi utakuta neno karajinani, au alama E407. Hicho ni kitu kinachotolewa katika mwani mwekundu, na kazi yake ni kuufanya mchanganyiko uwe mzito na usijitenge. Hata dawa ya meno mara nyingi huwa nacho. Kwa zaidi ya miaka thelathini mwani wa kazi hiyo umekuwa ukitoka, pamoja na kwingineko, kwa akina mama wa Unguja na Pemba. Lakini wengi wa akina mama hao hawakuwahi kuupika.

Siku hizi mambo yanabadilika. Mwani unasagwa unga, unatiwa katika keki, juisi na uji, na unauzwa kama chakula cha afya. Hilo ni jambo jema. Ila sisi wauguzi tumeanza kukutana na jambo jingine. Wagonjwa wanakuja kliniki na kikopo cha unga wa mwani mkobani, wakiwa wameambiwa unaponya presha, sukari, rovu na uvimbe wa kila aina. Mama mmoja aliacha vidonge vyake vya presha kwa wiki tatu akitumia unga huo peke yake. Aliletwa kwetu akiwa amepooza upande wa kulia.

Basi tukaona ni vema twende tukajionee wenyewe. Tulikuwa wanawake sita wa kikundi cha kanisa, wawili wetu wauguzi. Tulitaka kujua mwani unalimwaje, unafanywaje chakula, na tuwaambie nini akina mama wenzetu.

Kutoka bandarini hadi Paje

Boti kutoka Dar es Salaam ilitushusha Malindi, na kutoka hapo tukaingia katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Katika soko la Darajani tulikuta mihogo, ndizi, pweza, tasi na viungo vya kila namna. Tuliuliza mwani wa kula. Muuza viungo mmoja alicheka, akatuambia mwani uko kwenye maduka ya wageni. Kweli, tuliupata huko: sabuni za mwani zilizofungwa kwa karatasi nzuri, mafuta ya kupaka, na vikopo vya unga. Bei ya kikopo kimoja ilitushtua. Mama mwenye watoto wanne asingekinunua.

Ni katika kisiwa hiki hiki ilipo Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Habari ya kilimo hiki haiwezi kusimuliwa bila chuo hicho. Zamani watu wa pwani waliokota mwani wa kujiotea na kuuuza nje. Kuanzia miaka ya 1970 Profesa Keto Mshigeni alichunguza mwani wetu na kuhimiza ulimwe. Hatimaye, mwaka 1989, kilimo cha biashara kilianza katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Baadaye mtafiti wa taasisi hiyo, Dk. Flower Msuya, aliongoza mpango ulioanza mwaka 2006 wa kuwaunganisha wakulima, watafiti, wafanyabiashara na serikali, ili mwani usiishie kuuzwa mkavu kwa magunia tu. Akina mama walifundishwa kutengeneza sabuni na kusaga unga.

Asubuhi ya pili tulipanda daladala. Barabara inapita Tunguu, halafu msitu wa Jozani wenye kima punju, kisha nchi inakuwa ya mawe na minazi hadi bahari inapotokea mbele yako. Hapo ndipo Paje.

Shamba ndani ya bahari

Tulifika siku ya bamvua, wakati mwezi mpevu unapoyavuta maji mbali sana na ufuo. Kilimo hiki hufuata bamvua. Siku za maji mafu bahari haikauki vya kutosha na kazi nyingi husimama. Kufikia saa nne asubuhi mchanga ulikuwa wazi hadi karibu na mwamba, na akina mama walikuwa wameinama mashambani, maji yakiwafika magotini.

Shamba lenyewe ni vijiti viwili vilivyopigwa mchangani na kamba iliyovutwa katikati yake. Vipande vidogo vya mwani hufungwa kwenye kamba hiyo kwa nyuzi fupi, kimoja baada ya kingine. Baada ya wiki sita hivi kipande kimekuwa kichaka. Huvunwa, kikarudishwa kipande kiwe mbegu, na kingine huanikwa juani siku mbili au tatu. Hakitiwi mbolea wala dawa ya wadudu, na hakimwagiliwi. Kilo saba hadi kumi za mwani mbichi hubaki kilo moja hivi ikikauka.

"Shikamoo, bibi," tulimsalimu mama mmoja mzee.

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Viatu vyenu vko wapi? Kuna wanyama wa miiba humu."

Alitusimulia kwamba fedha ya mwani ya miaka ya mwanzo ilimsomeshea watoto na kumwezekea nyumba bati. Siku hizo, alisema, mwanamke alikuwa na fedha yake mwenyewe mkononi bila kumwomba mtu. Wakulima wa mwani wa Zanzibar ni wanawake kwa sehemu kubwa, wapatao wanane katika kila kumi. Kwa visiwa hivi mwani umehesabiwa kuwa wa tatu katika kuleta fedha za kigeni, baada ya utalii na karafuu.

Tulipomwuliza kama waliula, alitikisa kichwa. "Sie huu mwani tukiuona kama fedha, hatukuuona kama chakula."

Bahari imepata joto

Ziko aina mbili kuu zinazolimwa. Wakulima huziita kotonii na spinosamu. Kotonii ina bei nzuri zaidi, kwa kuwa karajinani yake huganda ikawa ngumu. Spinosamu hutoa ile laini, na bei yake ni ya chini. Shida ni kwamba tangu miaka ya 2000 kotonii imekuwa ikifa katika mashamba mengi ya Unguja. Maji ya kina kifupi yakipita nyuzi joto 30 na kuendelea kupanda, mwani huu hudhoofika, hugeuka mweupe na kukatika. Uchafu wa majani mengine huukalia, na samaki kama tasi huula. Mama anabaki na spinosamu ya bei ndogo, au anaacha kabisa.

Watafiti walipendekeza kulima kwenye maji ya kina yaliyo baridi kidogo, kwa kutumia nyavu za mfano wa bomba zinazoelea. Lakini huko kunahitaji ngalawa au mashua, na wanawake wengi wa vijiji hivi hawakufundishwa kuogelea. Ndiyo maana mafunzo ya kuogelea na ya vyombo vya bahari yakawa sehemu ya kilimo.

Tuliona pia kwamba shamba laweza kuharibu au kutunza. Anayeng'oa nyasi za baharini ili apate nafasi anaondoa malisho na maficho ya samaki wachanga. Anayekata mikoko kwa ajili ya vijiti anaufungulia ufuo mawimbi. Mkulima mwenye busara hulima kwenye mchanga mtupu, hutumia vijiti vyake muda mrefu na huokota vipande vya kamba na plastiki. Tena mwani hunyonya yaliyomo majini. Ukilimwa karibu na mfereji wa maji machafu ya mji au hoteli, haufai kuwa chakula. Kwa hiyo afya ya mlaji huanzia kwenye usafi wa bahari.

Na afya ya mkulima je? Kama wauguzi, macho yetu hayakukosa kuiona. Migongo inauma kwa kuinama saa nne au tano. Macho yanawasha kwa mwako wa jua juu ya maji. Miguu ina makovu ya miiba, na wengine wamechomwa na taa. Wengi hufika shambani na chai tupu tumboni, na wengine wakiwa wajawazito. Ni jambo la kusikitisha kwamba mwani wa mama huyu utaingia katika vyakula vya afya vya watu wa mbali, na yeye mwenyewe hana damu ya kutosha.

Jikoni

Mchana tulialikwa katika uwanja wa nyumba moja, ambako kikundi cha akina mama kinatengeneza unga. Walitufundisha kwa ukarimu, nasi tunakuandikia walivyofanya.

Mwani mbichi husafishwa kwa maji ya bahari kwanza, kutoa mchanga na konokono. Kisha huoshwa kwa maji baridi yasiyo ya chumvi mara nne au tano, hadi ukionja hausikii chumvi kali. Huanikwa juu ya meza ya kamba au wavu, si chini, pasipofika kuku na mbuzi. Ukiwa mkavu wa kuvunjika husagwa, ukachekechwa na kuhifadhiwa katika chombo chenye mfuniko.

Kwa mandazi walitia vijiko viwili vya chai vya unga wa mwani katika vikombe vinne vya unga wa ngano, pamoja na iliki na tui la nazi. Mandazi yalikuwa laini, na harufu ya bahari hatukuisikia. Kwa juisi walichukua mwani mkavu uliolowekwa usiku kucha, wakauchemsha mpaka ukayeyuka, wakauchanganya na embe na tangawizi. Ukipoa unakuwa mzito kama uji mwepesi. Watoto walimaliza jagi zima tukiangalia.

Si jambo geni duniani. Wafilipino hula mwani wa jamaa hii kama saladi, kwa siki na vitunguu. Waairishi wa zamani walichemsha mwani wao na maziwa wakawapa wagonjwa wanaopata nafuu, na jina la karajinani limetoka katika jina la mwani huo wa kwao.

Tunachowaambia akina mama

Sasa, mama mwenzetu, tuseme wazi. Mwani una nyuzinyuzi nyingi zinazosaidia choo na kushibisha. Una madini, kama vile kalsiamu, magnesiamu na chuma. Una madini joto pia. Lakini protini yake ni kidogo, na mafuta karibu hakuna. Hauwezi kuchukua nafasi ya maharage, dagaa, yai wala mchicha. Mtoto anayenyweshwa uji wa mwani mtupu atadhoofika.

Madini joto tunayahitaji kiasi kidogo mno: mtu mzima mikrogramu 150 kwa siku, na mjamzito 250. Chumvi yenye madini joto ikitumika nyumbani tayari inafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Yakizidi sana, tezi ya shingo huweza kuvurugika, iwe kwa kuzidisha kazi au kuipunguza. Kwa hiyo mwenye rovu au anayetumia dawa za tezi asile unga wa mwani kabla ya kumwuliza daktari. Mjamzito asiuzidishe. Mwenye presha ahakikishe umeoshwa chumvi vizuri. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza, kwani mwani una potasiamu.

Wala hakuna kikopo cha mwani kinachofaa kuchukua nafasi ya vidonge vya presha au sindano ya insulini. Yule mama wetu aliyepooza anajifunza tena kushika kijiko. Aliyemwuzia hakumtakia mabaya, labda. Alirudia tu aliyoyasikia. Ndiyo sababu tunalisema kwa nguvu. Unga huu una wema wake wa kutosha kama chakula, na hauhitaji kupambwa kwa uongo.

Ukifika Unguja, nunua kwa vikundi vya akina mama wenyewe pale inapowezekana, na uulize umelimwa wapi na umeoshwaje. Anayejua kazi yake atakujibu bila kuona haya. Nao akina mama wa vikundi tuliwaomba jambo moja kabla ya kuagana: kila wanaposaga unga wa kuuza, wabakize kijiko cha mandazi ya watoto wao, na wale kitu kabla ya kushuka baharini. Bibi yule wa shambani alitufungia mwani mkavu katika gazeti, akakataa fedha.

"Mkapike," alisema. "Mkiona mtamu, mtarudi kununua."